Kizuri Chajiuza: Uhakiki wa Methali Nne juu ya Uzuri na Uchaguzi wa Mchumba

UTANGULIZI

Katika mafundisho ya ndoa yatolewayo sharikani mwetu, suala la sura na umbo hupitiwa kwa haraka. Mwalimu husoma Mithali 31:30, huongeza 1 Samweli 16:7, kisha huwaambia vijana kwamba sura si kitu na kwamba tabia ndiyo jambo la pekee la kutazamwa. Vijana huitikia kwa heshima. Wakisha kutoka nje huendelea kuchagua kama walivyokuwa wakichagua, na macho yao hutangulia kama yalivyokuwa yakitangulia. Hivyo, juu ya jambo linalowashughulisha usiku na mchana, Kanisa huwa limesema neno ambalo wao wenyewe wanajua si kweli, na uwanja wote hubaki kwa wasemaji wengine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, fundisho la "sura si kitu" halina msingi imara katika Maandiko yanayotajwa kuliunga mkono. Pili, madhara ya uzuri katika uchaguzi wa mchumba yanatokana na mizani anayoitumia mtazamaji, wala hayatokani na kule kutazama kwenyewe. Ili tuione mizani hiyo, tutahakiki methali nne za Kiswahili. Methali ni katekisimo isiyoandikwa. Wazee huitumia katika kikao cha posa, shangazi humwambia binti wa kaka yake, na sisi wahubiri huitia katika mahubiri pasipo kuuliza imetoka wapi na inafundisha nini. Hatuna budi kuipima kama tunavyopima mafundisho mengine yoyote.

Tutazisoma methali hizo tukiwa tumesimama Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Jina la mahali hapo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Tangu mwanzo, basi, ni mahali palipopewa jina kwa watu ambao miili yao ilithaminiwa kwa kipimo cha mzigo. Jengo la soko, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975; lakini biashara inayotuhusu hapa iko zaidi katika mitaa inayolizunguka. Mtaa wa Uhuru huuza khanga, vazi ambalo bwana arusi hununua kwa doti na kupeleka ukweni. Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake huuza magauni, nywele za bandia, kope, kucha, manukato na krimu za kila namna. Mtu akitaka kujua watu wa mji huu wanaamini nini juu ya uzuri, na aende huko kabla hajafungua vitabu.

1. "KIZURI CHAJIUZA, KIBAYA CHAJITEMBEZA"

Methali hii imezaliwa sokoni. Maana yake ya wazi ni kwamba bidhaa njema haihitaji mpiga debe, ilhali bidhaa mbovu hulazimika kuzungushwa mitaani ili ipate mnunuzi. Ikihamishiwa kwa binti huwa onyo: binti mwema hutulia kwao, na mshenga atabisha hodi mwenyewe, anayeonekana onekana barabarani ana kasoro.

Mhakiki hana budi kuanza na sarufi. Methali haisemi "mzuri" wala "mbaya". Yasema "kizuri" na "kibaya". Ni kweli kwamba kiambishi hicho hupatikana hata katika majina kama kijana na kiongozi, lakini watu hao hurudishiwa utu wao na upatanisho wa sentensi: kijana amekuja, kiongozi amesema. Katika methali yetu upatanisho wenyewe ni wa kitu: chajiuza, chajitembeza. Anayezungumziwa amekwisha kupangwa mezani pamoja na vitunguu na nyanya. Lugha ya vijana wa mjini imefuata njia hiyo hiyo, kwa maana msichana apendezaye wamemwita "chombo" na "kifaa". Wapo watakaosema kwamba hata 1 Petro 3:7 humwita mke chombo. Lakini na waisome aya hiyo mpaka mwisho wake. Mtume analitumia neno hilo ili kudai mke apewe heshima, na mara moja anamtaja kuwa mrithi wa neema pamoja na mumewe. Hakuna kifaa kinachorithi.

Jambo la pili ni kitenzi. "Chajiuza" husema kwamba kitu chenyewe ndicho kinachojiuza, na kwa hiyo muuzaji hufichika. Yafaa tuulize ni nani auzaye. Katika vikao vingine vya posa, umbo la binti, weupe wake na kiwango cha elimu yake huingia katika hesabu ya mahari, hata kama hakuna azitajaye kwa sauti. Hapo wauzaji ni wazee, na baadhi yao ni wazee wa kanisa. Katika Mtaa wa Kongo wauzaji ni wengi zaidi, nao wameivunja methali hadharani, maana huko kizuri na kibaya vyote hutembezwa, na mwenye sauti kubwa ndiye auzaye. Msichana anayeambiwa nyumbani kwamba atulie, kwa sababu kizuri chajiuza, hupita barabarani na kuambiwa na kila meza kwamba yeye bado si kizuri, na kwamba kasoro yake ina dawa na dawa ina bei.

Dawa inayotuhusu zaidi ni ile iitwayo mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu na kemikali za kuchubua ngozi. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu, kwa sababu zebaki hudhuru figo na haidrokwinoni huweza kuiharibu ngozi kwa namna isiyorekebishika kwa urahisi. Hata hivyo biashara haijakoma. Mchungaji wa mjini anayekutana na wachumba mara kwa mara huweza kuona ngozi ya bibi arusi ikibadilika kati ya siku ya kuandikisha ndoa na siku ya kuifunga. Tukisema "sura si kitu" mbele ya binti huyo, tunasema juu ya jambo ambalo yeye analilipia kwa fedha na kwa afya yake.

Biblia inalifahamu jambo hili kuliko tunavyodhani. Esta 2:12 inaeleza kwamba wasichana waliokusanywa kwa ajili ya mfalme Ahasuero walitengenezwa kwa muda wa miezi kumi na miwili, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato, ndipo kila mmoja akapelekwa kwa mfalme kwa zamu yake. Mara nyingi tunakisoma kitabu hicho kama habari ya msichana aliyebahatika. Lakini msomaji makini huona kwamba mwandishi ametuonyesha soko. Vashti amefukuzwa kwa sababu alikataa kuonyeshwa, na mahali pake panatafutwa kwa kukusanya wengine nchi nzima. Hakuna aliyewauliza.

Kinyume cha Esta 2 ni Wimbo Ulio Bora 1:5-6. Hapo mwanamke anajieleza mwenyewe. Ngozi yake ni nyeusi kwa sababu jua limemchoma, na jua limemchoma kwa sababu ndugu zake walimfanya mlinzi wa mashamba ya mizabibu. Weusi wake ni habari ya kazi. Kati ya weusi huo na uzuri wake Kiebrania kina kiunganishi kifupi, ambacho chaweza kumaanisha "na" au "lakini" kwa kadiri ya muktadha. Tafsiri ya kale ya Kiyunani iliandika "na". Tafsiri ya Kilatini iliandika "lakini", na Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952 nayo ina "lakini". Sarufi haiwezi peke yake kuimaliza hoja hiyo. Lakini mwalimu anayefundisha mjini kwetu hana budi kujua kwamba hilo "lakini" moja ndilo linalojazwa katika vichupa na kuuzwa Kariakoo. Binti mweusi amefundishwa kuwa uzuri wake, kama upo, upo ijapokuwa ni mweusi. Kiebrania kinaturuhusu kumsomea aya hiyo bila kumwomba radhi mtu yeyote kwa ajili ya rangi yake.

2. "PENYE UREMBO NDIPO PENYE ULIMBO"

Methali ya pili imepata nguvu zake kwa mlio. Urembo na ulimbo yanafanana mdomoni, na sikio hukubali kabla akili haijapima. Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege. Basi mwanamke mzuri ni mtego, na mwanamume ni ndege aliyekuwa akijirukia zake bila kosa.

Twapaswa kuuliza methali hii imefanya nini ilipopewa nafasi ya kutenda. Kariakoo inalo jibu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na nguo za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hoja zake zilikuwa za heshima na utamaduni wa taifa, na baadhi yake hata leo mtu aweza kuziunga mkono, hasa kuhusu krimu. Lakini tarehe hiyo haikungojwa. Katika siku hizo hizo za Oktoba makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake karibu na kituo cha mabasi cha Kariakoo, yakawashusha kutoka katika mabasi, yakawapiga na kuwachania nguo, hata polisi wakalazimika kuingilia. Barua za wasomaji zilijaa katika magazeti kwa wiki nyingi, wengine wakishangilia na wengine wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa zima ubebwe na mapaja ya wanawake.

Swali hilo la mwisho ni la kitheolojia. Vijana wale waliamini kwamba wanauondoa ulimbo. Waliona kwamba kama urembo huwanasa, aliyetega ndiye astahiliye kipigo. Wala mambo hayo hayakuisha mwaka 1969. Mwanamke apitaye leo katika msongamano wa Mtaa wa Msimbazi anajua ni mikono mingapi hudhani ina haki juu yake, na anajua ataulizwa alikuwa amevaa nini.

Maandiko hayaifuati methali hii. Katika 2 Samweli 11 imeandikwa wazi kwamba Bathsheba alikuwa mzuri sana wa kumtazama. Kama mwandishi angetaka kutupa habari ya mtego, nafasi ilikuwa tele. Lakini vitenzi vyote vya kutenda ni vya Daudi: aliona, akauliza, akatuma, akamtwaa. Na nabii Nathani anapokuja katika sura ya 12, hana neno lolote la lawama kwa aliyekuwa akioga. Katika mfano wake mwanamke ni mwana-kondoo aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka kwa maskini. Mahubiri mengi yamemgeuza mwana-kondoo huyo kuwa mwindaji. Vivyo hivyo katika Mwanzo 12, Abramu anajua kwamba uzuri wa Sarai unaweza kumletea yeye hatari huko Misri, naye anaipanga hila ambayo gharama yake inamwangukia Sarai. Kitabu kinasimulia bila kumpongeza.

Kwa hiyo, kijana akija kwa mchungaji na kusema kwamba amenaswa na uzuri wa mtu, ni lazima afundishwe kutumia kitenzi sahihi. Ameona, na amependezwa. Yatakayofuata ni matendo yake mwenyewe.

3. "UZURI WA MKAKASI, UKIPATA MAJI BASI"

Mkakasi ni kichombo cha nakshi kinachopendeza machoni, lakini maji yakikigusa uzuri wake umekwisha. Kati ya methali zetu nne, hii ndiyo inayohubiriwa zaidi, kwa sababu husikika kama dada yake Mithali 31:30. Yafaa tuzitazame zote mbili pamoja.

Neno la Kiebrania lililotumika juu ya uzuri katika Mithali 31:30 ni lile lile ambalo Mhubiri hulirudia tangu mwanzo wa kitabu chake: pumzi, mvuke, kitu kisichoshikika. Lakini kitu kuwa mvuke si sawa na kuwa kibaya. Mhubiri huyo huyo, katika 9:9, anamwagiza mtu ayafurahie maisha pamoja na mke ampendaye siku zote za maisha yake yaliyo mvuke. Na kitabu chenyewe cha Mithali, katika 5:18-19, kinamtaka mume aufurahie mwili wa mke wa ujana wake, kwa maneno ambayo wengi wetu hatujathubutu kuyasoma madhabahuni. Basi, anayetumia Mithali 31 kusema kwamba sura si kitu, anakipinga kitabu kile kile anachokinukuu.

Kuhusu 1 Samweli 16:7 mambo ni hayo hayo. Samweli anakatazwa kumchagua Eliabu kwa kimo chake. Lakini aya tano baadaye, Daudi anapoletwa, msimulizi anatuambia kuwa alikuwa mwekundu, mwenye macho mazuri na umbo la kupendeza. Uzuri haukumpa ufalme, wala haukumzuia. Zaidi ya hayo, Samweli alikuwa akitafuta mfalme, hakuwa akitafuta mchumba. Katika darasa moja la ndoa kijana aliwahi kuuliza, kwa adabu yote, kwamba kama sura si kitu, imekuwaje wachungaji wengi wana wake wazuri. Darasa lilicheka, na swali lilibaki limesimama. Halikuwa swali la utani. Alikuwa ameona kwamba walimu wake wana macho kama yeye.

Sasa turudi kwenye mkakasi. Kosa la methali hii halimo katika kusema kwamba uzuri hupita. Jambo hilo ni kweli, na kijana lazima aambiwe. Kosa limo katika neno la mwisho: "basi". Methali inajua maji yatakuja, lakini haina la kusema juu ya siku inayofuata. Inamtahadharisha mnunuzi asinunue mkakasi. Haimwambii aliye nao afanye nini ukisha kulowa. Kwa hiyo huweza kutumiwa, na hutumiwa, kama ruhusa ya kuondoka.

Maji yana majina. Ni uzazi wa nne, ni kisukari, ni ajali ya pikipiki, ni miaka. Mchungaji anayewatembelea wagonjwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwendo usio mrefu kutoka Kariakoo, hukutana na wanawake waliokatwa titi. Wengine wana waume wanaoketi kando ya kitanda na kuwashikia kikombe. Wengine huulizia kila jioni kama kuna simu kutoka nyumbani. Kwa mwanamke wa namna ya pili, swali la uzuri katika uchaguzi wa mchumba limekoma kuwa swali la vijana. Anauliza kama alichaguliwa yeye au lilichaguliwa titi. Kanisa lililomwambia siku ya arusi kwamba sura si kitu halina la kumjibu, kwa maana yeye ameona kwamba ilikuwa kitu tena kikubwa. Kanisa lililomwambia mumewe mapema kwamba uzuri ni zawadi ya kushukuriwa, kwamba zawadi hiyo itachukuliwa, na kwamba kiapo kinafungwa kwa ajili ya siku hiyo hasa, lina neno la kusema kwa wote wawili.

Na tusisahau kwamba methali hii hulowesha upande mmoja tu. Husemwa mtaani kwamba mwanamume hana sura mbaya ilimradi mfuko wake umejaa. Hiyo nayo ni mizani, na inawaponda wengi. Kijana auzaye soksi mkononi katika Mtaa wa Kongo anajua kwamba wasichana na wazazi wao hutazama mfuko wake kama yeye atazamavyo nyuso zao. Mfuko nao ni mkakasi. Lakini Wimbo Ulio Bora hauna habari ya mfuko. Katika 5:10-16 mwanamke anamweleza mpenzi wake tangu kichwa hadi miguu: nywele, macho, mashavu, mikono. Huko pande zote mbili hutazama, pande zote mbili husifu, na hakuna anayenunua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliitaja ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Wimbo Ulio Bora umeionyesha hiari hiyo ikiwa na mwili.

4. "UKIPENDA, CHONGO HUITA KENGEZA"

Methali ya nne hutajwa kwa kucheka. Mtu apendaye, husemwa, hupofuka. Mwenye chongo, yaani aliyepoteza jicho moja, yeye humwona ana makengeza tu. Hivyo methali huhesabiwa kuwa dhihaka juu ya upumbavu wa mapenzi.

Hata hivyo, isomwe tena polepole. Methali haisemi kwamba apendaye haoni. Yasema kwamba huita. Aliyeita kengeza amekwisha kuliona jicho, na ameona kwamba haliko sawa na lingine. Asingeliona, asingelitafutia jina. Kati ya majina mawili yaliyokuwapo amechagua lile lisiloumiza. Katika methali zote nne, hii ndiyo pekee ambayo ndani yake mtazamaji anabadilika kwa sababu ya anayetazamwa. Katika tatu za kwanza mtazamaji ni mnunuzi, au ndege, au mwenye mkakasi, na kazi yake ni kujilinda asipate hasara.

Hapa Mlutheri hawezi kukosa kuisikia sauti anayoifahamu. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, hoja ya 28, Martin Luther alitofautisha mapendo mawili. Upendo wa mwanadamu huanzia kwa kile kinachompendeza. Hukikuta kizuri kwanza ndipo hukipenda. Upendo wa Mungu hauendi kutafuta kinachopendeza, bali hukifanya kuwapo. Katika maelezo yake Luther aliongeza kwamba wenye dhambi ni wazuri kwa sababu wanapendwa, wala hawapendwi kwa sababu ni wazuri. Tumezoea kuifundisha hoja hiyo chini ya somo la kuhesabiwa haki. Ni nadra kuipeleka katika darasa la ndoa, ingawa mfano wake ulitwaliwa katika mambo ya kupenda na kupendeza. Na Luther mwenyewe, alipomwoa Katharina von Bora mwaka 1525, alimwandikia rafiki yake kwamba hakuwa akiwaka kwa mapenzi, ila alimthamini mkewe. Barua zake za miaka iliyofuata zinaonyesha mtu aliyekuja kumpenda na kumtania na kumtamani. Upendo ule ulikua ndani ya nyumba.

Tusikimbilie kusema, basi, kwamba wachumba na wapendane kama Mungu apendavyo, wala wasitazame sura. Wao ni wanadamu, na upendo wa mwanadamu huanzia kwenye kinachopendeza. Luther hakulificha hilo. Yakobo alimpenda Raheli, na Mwanzo 29:17 haioni haya kutaja uzuri wake. Ila sura hiyo hiyo yataja macho ya Lea, kwa neno la Kiebrania ambalo wafasiri hawajakubaliana kama lina maana ya udhaifu au ya upole. Vyovyote yalivyokuwa macho hayo, Yakobo hakuyatafutia jina jema. Kisha aya ya 31 yasema kwamba Bwana aliona ya kuwa Lea hakupendwa. Mwanamke ambaye mumewe hakumtazama, Mungu alimtazama. Na ni kutoka tumboni mwake alikotoka Yuda, na kutoka kwa Yuda ukoo wa Daudi, na katika ukoo huo Kristo, ambaye Isaya 53:2 husomwa juu yake kwamba hakuwa na uzuri wa kutufanya tumtamani. Kanisa linalomwabudu huyo halina haki ya kuifanya sura kuwa kipimo cha thamani ya mtu. Hapo ndipo "si kitu" inapopata mahali pake halali: mbele za Mungu, katika suala la thamani. Katika suala la mvuto, ni kitu, na tuseme hivyo.

Lakini methali hii nayo ina hatari yake, na mhakiki asipoitaja atakuwa ameipendelea. Kuna kuita kengeza kulikotoka kwa upendo, na kuna kuita kengeza kulikotoka kwa woga. Msichana anayepigwa na mchumba wake kisha akasema ni wivu wa mapenzi, amelipa kosa jina la upole. Kijana anayeona kwamba mchumba wake humdanganya, akasema ni utoto tu, amefanya vivyo hivyo. Upendo waweza kulipa jina jipya jicho, ngozi, kimo na kovu. Ngumi haina jina jingine. Mwalimu wa ndoa ana wajibu wa kuichora mipaka hiyo mapema, maana uzuri wa sura mara nyingi ndio unaomfanya mtu aite ngumi kengeza.

HITIMISHO

Methali tatu za kwanza zinatofautiana kwa sauti, lakini mizani yake ni moja. Zote humtazama mtu mzuri kutoka upande wa yule anayeogopa kupata hasara. Fundisho letu la "sura si kitu" limezifuata bila kujua; nalo linampa mnunuzi shauri la namna ya kutodanganywa, wakati Injili inayo habari ya mapatano ambayo ndani yake hakuna mnunuzi.

Kwa wenzangu wanaofundisha wachumba, na kwa wanafunzi watakaotumwa sharikani, napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mchumba aulizwe waziwazi ni nini kilichompendeza machoni kwa mwenzake, naye aruhusiwe kujibu bila aibu na kumshukuru Mungu kwa hicho. La pili, aulizwe atafanya nini siku hicho kitakapoondoka, na jibu lake lisikiwe na mwenzake akiwa ameketi hapo. La tatu, mazungumzo juu ya ngozi, umbo na krimu yasiachiwe Mtaa wa Kongo. Wazee wa kanisa na akina mama wa usharika wafundishwe kuyazungumza, na katika kikao cha posa asitokee mzee wa kanisa anayepandisha au kushusha mahari kwa rangi ya binti.

Mambo hayo hayahitaji bajeti wala kamati. Yanahitaji kwamba mwalimu akubali kusema mbele ya vijana kuwa macho yao yameumbwa na Mungu, na kwamba yule wanayemtazama yuko katika ngeli ya watu.